Matumbawe Yaliyopauka

Kila asubuhi, jua likiwa bado halijapata ukali, Kasa aliingia kwenye banda la matangi akiwa ameshika mswaki. Mswaki huo haukuwa wa meno. Ulikuwa wa kusugua ukoga wa kijani ulioota kwenye vigae vya saruji, maana juu ya kila kigae lilibandikwa tumbawe changa, dogo kama kidole gumba, likisubiri kukua. Jina la Kasa hakulipata kwa sababu ya kuogelea. Alilipata kwa mwendo wake: ukimtuma chumvi, chakula kitaiva, kitaliwa na vyombo vitaoshwa kabla hajarudi. Mwenyewe hakuudhika. "Mwenda pole hajikwai," alikuwa akijibu, kisha akajikwaa.

Banda lilikuwa la Shangazi. Kazi yake ilikuwa kulea matumbawe kwenye matangi ya maji ya bahari mpaka yapate nguvu ya kupandwa kwenye ule upande wa mwamba uliokufa mwaka wa joto kali. Tangu upande ule ufe, samaki walikuwa wamehama, hata wale wadogo wenye mistari. Matumbawe ya tangi la mwisho yalikaribia kuwa tayari, na Shangazi alikuwa ameahidi kwamba siku ya kuyapanda, Kasa angevaa miwani ya kupigia mbizi na kushuka naye. Kasa aliiota siku hiyo akiwa amelala na akiwa macho, hasa akiwa macho.

"Haya si mawe, mwanangu," Shangazi alimweleza siku ya kwanza. "Ni wanyama wadogo mno waliojengeana mji. Miilini mwao wamepangisha vijimea, na vijimea ndivyo vinavyowapikia chakula kwa mwanga wa jua na kuwapa rangi. Wakipatana, hakuna mwenye njaa. Maji yakipata moto, ugomvi unaingia nyumbani."

Ndiyo maana sheria ya banda ilikuwa moja: jua likipanda, vuta wavu wa kivuli juu ya kila tangi.

Wiki ile Shangazi alisafiri kwenda kufundisha mji mwingine. Banda alimwachia Kasa, na fundi wa pampu alipita kila jioni kusikiliza mota zake. Siku ya kwanza Kasa alivuta nyavu zote mapema. Siku ya pili aliegemeza kidevu kwenye ukingo wa tangi la mwisho, akasahau kulivutia wavu. Jua liliingia majini, matumbawe yakawaka zambarau na kijani, na mwanga ukachezacheza darini mpaka banda zima likaonekana liko chini ya bahari. Kasa alijiona anaogelea ndani ya mji ule, anapita kwenye milango midogo, anabisha hodi, na wenyeji wanamkaribisha ndani mmoja baada ya mwingine. Alipozinduka, jua lilikuwa limeshavuka utosi na maji yalikuwa ya vuguvugu. Alivuta wavu, akajiambia hakuna kilichoharibika. Kesho yake akauacha umekunjwa, safari hii kwa kusudi, ili auone tena uzuri ule. Na keshokutwa yake pia.

Kisha asubuhi moja akaingia na mswaki wake, akasimama palepale mlangoni. Zambarau ilikuwa imekwenda. Kijani kilikuwa kimekwenda. Ukiacha machache ya pembeni, matumbawe ya tangi la mwisho yote yalikuwa meupe kama mfupa. Machozi yalimtoka Kasa bila sauti.

Hapo ndipo alipokutwa na Chiriku, binti ya Shangazi, ambaye jina lake alilipata kihalali, maana hata usingizini alikuwa akisimulia. Chiriku aliinama, akalitazama tangi.

"Yamekufa," Chiriku alisema. "Sikiliza. Tuyatoe, tuyafukie nyuma ya banda. Mama akirudi tunamwambia yameliwa."

"Yameliwa na nini?"

"Panya."

"Panya anapiga mbizi?"

"Basi paka. Kasa, unataka msaada au unataka kunihoji? Mama akijua ni wewe, baharini huendi ng'o."

Hilo la baharini lilikuwa kweli tupu. Kasa alichota maji ya tangi kwenye ndoo, akaanza kuyatoa matumbawe moja moja, huku Chiriku akienda kutafuta jembe.

Ndoo aliiweka kivulini, akachuchumaa kando yake ili ayaage. Macho yake, kwa mazoea ya kuzubaa, yakabaki yanatazama. Ndani ya weupe ule kitu kilitikisika. Kwenye kitundu kimoja vilichomoza vidole vyembamba kuliko uzi, vikajinyoosha, vikapapasa maji. Kisha kitundu cha jirani. Kisha kingine. Mji mzima ulikuwa umeanza kunyoosha mikono kuomba chakula, taratibu, bila kelele, na Kasa akahisi kwamba anaombwa yeye.

Chiriku alirudi na jembe begani. "Tayari?"

"Yako hai."

Chiriku alichungulia ndani ya ndoo kwa muda. "Mungu wangu," alinong'ona, akaliegesha jembe ukutani. "Sasa?"

"Sijui dawa yake. Shangazi ndiye anayejua."

"Ukimpigia, itabidi useme na habari ya wavu."

"Najua."

Aliyarudisha matumbawe tangini, akavuta wavu, akaenda kwenye simu kabla moyo wake haujageuka. Alisema yote kwa pumzi moja: wavu, jua, ndoto zake, ndoo, hata kwamba alikuwa tayari kuyafukia. Chiriku hakumtaja.

"Nimekasirika," Shangazi alisema. "Hilo tutalizungumza nikirudi. Sasa nisikilize. Kupauka maana yake vijimea vimetoka. Mwenye nyumba yupo, ila ana njaa. Mwite fundi apunguze joto la maji kidogo kidogo. Mkiyapooza ghafla mtayamaliza. Kivuli kisiondoke. Jioni yape kile chakula cha kusaga kilicho kwenye friji, kitundu kwa kitundu. Umeelewa?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Hebu rudia niliyosema." Kasa akayarudia yote kama alivyoambiwa.

Zikafuata siku za polepole, na kwa mara ya kwanza mwendo wa Kasa ulipata kazi inayoufaa. Alilisha kwa bomba la sindano lililotolewa sindano, bila papara, huku Chiriku akiyasimulia matumbawe habari za mtaa mzima, eti yasijione mapweke. Shangazi aliporudi hakupiga kelele. Alisema tu kwamba msimu huu Kasa hatashuka baharini, kisha akakunja mikono ya nguo yake, akafanya kazi pembeni yake.

Mengine yalifunikwa na ukoga na hayakufunguka tena. Kasa aliyatoa kwa mkono wake mwenyewe, akilia. Yaliyobaki yaliendelea kuwa meupe wiki baada ya wiki. Halafu, asubuhi moja tulivu, tumbawe moja lilionekana lina wekundu hafifu wa udongo. Shangazi aliinama, akalitazama kwa muda mrefu, akatabasamu.

"Wapangaji wanarudi," alisema.

"Kwa hiyo sikuyaua?"

"Yale uliyoyatoa umeyaua," Shangazi alijibu kwa upole. "Na haya umeyaokoa. Yote mawili ni yako, mwanangu."

Siku ya kupanda ilipofika, Kasa aliingia majini mpaka magotini akiwa amebeba beseni, akampa Shangazi, aliyekuwa ndani ya mashua, vigae kimoja kimoja. Vya mbele vilikuwa na yale matumbawe ya pembeni ambayo hayakupauka kabisa. Shangazi aliyachagua kwanza, kwa kuwa joto lingine lingekuja na mwamba ulihitaji watu wagumu.

"Shangazi, bado umenikasirikia?"

"Hasira ziliisha zamani." Shangazi alipokea kigae cha mwisho, akakifunika kwa kitambaa chenye maji. "Tumbawe linatuzidi kitu kimoja, Kasa. Likiumia linapauka, na kila mwenye macho analiona. Sisi tukiharibu tunabaki na rangi zetu, tunacheka, tunakula, na hakuna anayejua. Ndipo wahenga waliposema mficha maradhi kifo humuumbua. Ungeninyamazia mpaka nirudi, ningekuta mifupa. Lakini ulisema mapema ingawa ulijua utakosa nini, ndiyo maana leo tuna cha kupanda. Kosa linatibika likisemwa lingali changa."

Mashua iliondoka. Kasa alisimama majini akiitazama, akilia kidogo na kucheka kidogo, mpaka ikawa nukta. Kisha akageuka na kupanda kuelekea bandani, kwa mwendo wake uleule, kwa sababu yalikuwepo matumbawe mengine yanayosubiri kulishwa.