Miti Ambayo Kompyuta Ilisema Haijapandwa

Nyumbani kwa akina Okuzawa, siku huanza kwa uji wa mchele uliopikwa kwa chai. Anayepakua ni Bibi Kiyo. Ana miaka themanini na sita, na hakuna anayeruhusiwa kugusa upawa wake. Mwanawe Sadaharu hula upesi, huchukua msumeno na panga, kisha hupanda mlimani. Kazi yao ni kutunza mierezi. Sisi watu wa Yoshino, huku Japani, tumeifanya kazi hii vizazi na vizazi. Kwetu anayepanda hakati, na anayekata hakupanda. Ndivyo tulivyo, na tunajivunia.

Shamba lao bora lilipandwa mwaka 1930 na Tamekichi, baba yake Kiyo. Kiyo mwenyewe alikuwa hajazaliwa. Alipopata nguvu za kushika panga, alianza kufyeka magugu chini ya miti hiyo.

Januari 2025, hekalu moja la kale lilihitaji nguzo mpya. Fundi mkuu alitaka mwerezi wa miaka tisini au zaidi. Ushirika wa misitu ungempa majina ya mashamba yanayofaa, naye angekuja Ijumaa kuyaona. Kwetu hakuna heshima inayozidi mti wako kuwa nguzo ya hekalu. Kiyo aliitaka heshima hiyo kwa ajili ya baba yake.

"Nikiiona nguzo hiyo, nitakufa nikicheka," alimwambia mwanawe.

"Mama, miaka yote hii hujafa. Usianze sasa."

Sadaharu akaenda ofisini kwa ushirika. Minami, karani, alibonyeza kompyuta, akakunja uso.

"Kaka Sadaharu, shamba lenu halina miti."

"Halina nini?"

"Miti. Kompyuta inasema itapandwa baada ya miaka mitano."

"Minami, jana nilikuwa juu ya mmojawapo, napunguza matawi."

"Nakuamini. Lakini majina yanatoka humu. Fundi mkuu anataka kumbukumbu za ushirika, hataki maneno yangu."

Sadaharu alirudi nyumbani amenuna. Mama yake aliposikia, aliweka upawa chini.

"Haijapandwa? Basi miaka yote hii nimekuwa nikifyeka chini ya nini? Mwenye macho haambiwi tazama. Mpeleke huyo karani mlimani."

Wakati huo jirani yao Chigusa aliingia na figili mbili za bustanini kwake. Chigusa alifanya kazi Osaka muda mrefu, akiandika programu za kompyuta, kisha akastaafu na kurudi kijijini. Alicheka aliposikia habari hiyo, kisha akauliza, "Hili limeanza lini?"

"Mwezi huu," Sadaharu alijibu. "Mwaka jana kompyuta ilikuwa ikiiona miti yetu vizuri."

"Nilidhani hivyo. Kompyuta haiujui mwaka kama sisi. Inahifadhi tarakimu tu, tena katika nafasi iliyopewa. Programu ya ushirika ni ya enzi ya Showa, utawala wa yule mfalme wa zamani, na inahesabu miaka tangu enzi ile ianze, 1926."

"Showa iliisha nikiwa kijana, dada."

"Kwako iliisha. Programu iliendelea kuhesabu."

Chigusa akaweka mabakuli mawili matupu mezani. "Walioitengeneza waliupa mwaka nafasi mbili. Bakuli moja, tarakimu moja. Miti yenu ilipandwa Showa ya tano. Kompyuta imeandika sifuri, tano. Mwaka jana ulikuwa wa tisini na tisa. Ikaandika tisa, tisa. Mwaka huu ni wa ngapi?"

"Wa mia moja," Kiyo alijibu kabla ya mwanawe.

"Mia moja ina tarakimu tatu, Mama. Bakuli la tatu liko wapi?"

"Hakuna."

"Basi ile moja ya mbele imeanguka, zimebaki sifuri mbili. Kompyuta inadhani tuko mwaka sifuri. Kwa hiyo, kwake, mwaka wa tano bado unakuja."

Kiyo alitazama mabakuli kwa muda. "Hao watengenezaji walikuwa wavivu?"

"Hapana. Nafasi ndani ya kompyuta ilikuwa ghali siku hizo, ghali kuliko uyoga wa matsutake. Na kila mtu alidhani programu itatupwa kabla ya mwaka wa mia."

"Watu wasiopanda miti," Kiyo alisema.

Kesho yake walikwenda ofisini wote watatu. Minami alimruhusu Chigusa aitengeneze programu. Kwanza Chigusa alinakili kumbukumbu zote, nakala akaiweka kando. Kisha akaupa kila mwaka nafasi nne, na miaka ya Showa akaigeuza kuwa miaka kamili. Showa ya tano ikawa 1930. Mwisho akaijaribu programu kwenye nakala, kwa tarehe za miaka mingi ijayo.

"Usingoje siku ifike ndipo ujue," alimwambia Minami. "Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukague mashine nyingine pia. Kompyuta nyingi za zamani huhesabu sekunde tangu mwaka 1970 uanze. Ni kama ndoo chini ya bomba. Januari 2038 ndoo itajaa, na zisipotengenezwa zitaanza kuonyesha miaka iliyopita."

"Na nafasi zako nne zitatosha hadi lini?" Kiyo aliuliza.

"Hadi mwaka 9999, Mama."

"Halafu?"

Minami alicheka. Kiyo hakucheka. "Kuna mtu atakuwa anafyeka magugu mwaka huo," alisema. Chigusa akaandika onyo ndani ya programu, kwa ajili ya watakaokuja kuitunza.

Ijumaa jina la Okuzawa lilikuwa la kwanza. Fundi mkuu aligusa magome, akatazama juu kwa muda mrefu, akachagua mwerezi ulionyooka kuliko yote. Kiyo alilia mbele ya watu wala hakuficha uso.

Mwaka uliofuata gogo lilifikishwa hekaluni. Jina la Tamekichi lilisomwa kwa sauti. Fundi mkuu alisema nguzo ile itasimama miaka mia tatu. Mtawa kijana akaandika kwenye kompyuta ya hekalu mwaka wa kuibadilisha: 2326. Kioo kikaonyesha 1917. Akafuta, akaandika tena. Kikaonyesha 1917.

"Samahani, nadhani nakosea kubonyeza," alisema.

Kiyo alivuta kiti, akaketi karibu naye. "Hujakosea, mwanangu. Mashine yako inahesabu sekunde, na mwaka uliouandika umepita 2038, mwisho wa hesabu yake. Kwanza nakili kumbukumbu zako zote. Kisha nitakueleza la kufanya."

Sadaharu alijivunia nguzo ya babu yake siku ile. Lakini alimjivunia mama yake zaidi.