Ukurasa Uliojibu Gizani

Rafiki yangu, fundi wa tovuti, si mtu wa kutia chumvi. Aliitwa kwenye ofisi moja mchana kweupe: kurasa zilizofutwa bado zilijibu 200, yaani ukurasa upo, badala ya 404, haupo. Akakuta mstari mtupu juu kabisa ya skripti, faili la amri za tovuti. Seva ikiuona tu, hujibu 200 kabla amri hazijaiambia kwamba ukurasa haupo. Akaufuta. Zote zikajibu 404, isipokuwa ukurasa wa marehemu fundi wao.

“Kaka, uondoe,” katibu wa ofisi akamsihi. “Mjane wake anaufungua kila siku, analia.”

Umeme ukakatika. Feni za seva zikavuma polepole, zikanyamaza. Chumba hakikuwa na dirisha, giza tii. Kwa uhakika, rafiki yangu akachomoa waya wa umeme wa seva, akaufungua tena ukurasa ule kwenye kompyuta yake ya betri.

200.

Waya bado alikuwa ameushika mkononi.