Tambara la Nne

Haya yalimpata rafiki yangu Eilif, huku kwetu Vadsø, kaskazini kabisa ya dunia. Ilikuwa Desemba, saa sita mchana, na nje giza totoro, maana jua halichomozi majira hayo. Mkewe Gunnvor alikuwa na mimba ya miezi tisa, hospitali iko mbali, na manifodi ya ekzosi ya gari lao la dizeli, yaani bomba linalokusanya moshi wa injini, ilikuwa imepasuka.

Kwenye gereji iliyopakana na jiko, Eilif aliondoa betri, akafungua turbo, akatoa manifodi, kisha akaziba matundu manne ya injini kwa matambara ili nati isitumbukie ndani. Alipokuwa anapangusa manifodi mpya, akasikia mtu anahema.

"Gunnvor, usinitishe bwana! Rudi ukalale."

Mkewe akajibu kutoka jikoni, nyuma ya ukuta: "Nani akutishe? Mimi nakaanga samaki! Maliza hilo gari, mwanao hatasubiri nati zako."

Eilif akacheka. Kuhema hakukukoma. Tambara la kwanza likasukumwa kutoka ndani ya tundu, likadondoka sakafuni. La pili likafuata, kisha la tatu.

Alifunga manifodi, na jioni ile ile walifika hospitali. Binti yao alizaliwa salama.

Lipo jambo ambalo Gunnvor hajaambiwa mpaka leo. Tambara la nne halikudondoka. Eilif alilishika alitoe, likavutwa kutoka ndani, taratibu, mpaka ncha yake ikamponyoka vidoleni na kupotelea tunduni.