Lachlan Alivyoungama Kwenye Maji ya Snares

"Wewe! Umeingiaje humu?"

Ngaire alikuwa amemshika mkono abiria wa mwisho, anamteremsha kwenye boti la mpira. Upepo ukapeperusha kofia ya koti, akauona uso wa Lachlan, mchumba ambaye yeye Ngaire alimrudishia pete miezi miwili iliyopita, baada ya ugomvi juu ya safari zake.

"Nimekata tiketi kama wenzangu."

"Wewe unayetapika hata kwenye kivuko cha kwenda kisiwa cha Stewart?"

"Nimelala chumbani natapika tangu tutoke bandari ya Bluff. Lakini nipo."

Abiria wakageuza shingo. Ngaire akauma meno, akawasha mashine. Yeye ndiye kiongozi wao, na kazi ni kazi. Kwenye mwamba wa kisiwa cha Snares, kusini mwa New Zealand, pengwini wenye vishungi vya manjano walikuwa wakishuka kwa foleni. Wakifika ukingoni wanasita, wanasukumana, kisha chubwi majini!

"Ngaire, nina neno."

"Nipo kazini."

"Ni kuhusu ile kazi ya kuhesabu ndege kisiwa cha Antipodes. Ile uliyolia kwamba hawakukujibu."

"Ukanipikia supu ukanibembeleza. Enhe?"

"Walijibu. Walikutaka. Ulikuwa baharini, na nywila ya barua pepe yako naijua. Nikawaandikia kwa jina lako kwamba hutaki. Kisha nikafuta kila kitu."

Bi Noeline, abiria ajuza kutoka mji wa Gore, akashusha darubini.

"Mtupeni majini huyu!"

"Niliogopa, Ngaire. Miezi minne bila wewe..."

"Tazameni kulia," Ngaire akawaambia abiria, machozi yakimtoka lakini sauti imenyooka. "Albatrosi yule. Hapigi bawa, anaegemea upepo tu."

Akazungusha boti kisiwa chote, hakupunguza hata dakika moja. Waliporudi melini ndipo akamgeukia.

"Umekuja nikusamehe?"

"Hapana. Nimeshampigia mkuu wa utafiti, nikamwambia ni mimi. Nilitaka ulisikie kinywani mwangu, si kwake."

Jioni simu ya Ngaire ikalia, ujumbe wa mkuu wa utafiti:

"Ngaire, bwana mmoja amekiri ndiye aliyekataa kwa jina lako. Pole sana. Tuna nafasi moja, safari ni Desemba. Jibu kabla ya Ijumaa."

Hakungoja Ijumaa. Akaandika "Naenda", akamfuata Lachlan sitahani, akamwonyesha.

"Sijakusamehe."

"Najua."

"Na usinisubiri."

"Hilo huwezi kunikataza."

Desemba akaondoka. Kila Jumapili, kwenye kibanda cha watafiti kule Antipodes, ukaingia ujumbe mfupi wa Lachlan. Hakuomba chochote. Aliandika habari za shamba lake: mvua, uzio, kondoo waliokwisha kunyolewa, mwanakondoo mwenye mguu mbovu. Wiki saba Ngaire alisoma, akanyamaza, akarudi kuhesabu ndege kwenye tope lililomfika magotini. Hasira ilikuwa kali, na kumkumbuka kulikuwa kukali vilevile.

Wiki ya nane akajibu: "Yule mwanakondoo mwenye mguu mbovu, amepona?"

Lachlan aliusoma ujumbe huo bandani. Akaketi juu ya rundo la sufu.

"Anakimbia," akaandika.

Machi, meli ikafunga gatini Bluff. Ngaire akashuka, nywele zimesokotana, ananuka mavi ya ndege. Lachlan alikuwa pale, hakuthubutu kusogea. Ngaire ndiye aliyemfuata.

"Uliniumiza, Lachie."

"Nilikuumiza."

"Ukinifanyia tena, hutaniona hata kivuli."

"Sitarudia."

"Basi niulize."

"Nikuulize nini?"

"Mwanamume huyu! Unalijua swali!"

Lachlan akapiga goti pale pale kwenye zege, wavuvi wakipiga miluzi.

"Ngaire, utaolewa nami?"

"Nitaolewa. Ila Desemba narudi kule. Na Desemba nyingine tena."

"Mizigo nitakufungia mimi."

Walioana Mei hapo hapo Bluff, watu wakala chaza na nyama ya ndege wa baharini mpaka wakafungua vifungo vya suruali. Desemba bibi harusi akapanda meli, na begi lake lilibebwa na bwana harusi.