Chupa ya Rafu ya Chini

Dirisha la kupokelea mizigo lilijaa watu siku hiyo. Binti yangu alikuwa wa tisa kwenye foleni, amekumbatia kasha la barafu kama aliyeazimwa mtoto wa watu. Alivaa blauzi nyeupe na ile sketi ya bluu niliyomshonea mwenyewe. Kila baada ya dakika anafunua kasha, anachungulia, anafunika.

"Dada, hiyo barafu haina miguu," sauti ikasema nyuma yake.

"Ina miguu ya maji. Ndiyo maana naichunga."

Akageuka. Kijana mrefu, ovaroli ya kijivu, bisibisi mbili mfukoni, amebeba mota ya friji begani. Fundi wa mafriji.

"Umeagiza samaki?"

"Kingamwili."

"Hiyo inaliwa na nini?"

Binti akacheka, na hapo ndipo mambo yalipoanzia. Akamweleza kama alivyonieleza mimi niliyeishia darasa la saba. Kuna protini inayomjenga mtoto akiwa tumboni. Akishazaliwa, protini hiyo hunyamaza. Ikionekana tena kwa mtu mzima, huenda kuna uvimbe mbaya umeiamsha. Kwenye maabara anakofanya kazi wanachukua kinyama chembamba kutoka kwenye uvimbe, wanakibandika kwenye kioo, wanatia kingamwili. Inaikamata ile protini peke yake, halafu wakiweka rangi, mahali ilipo panageuka kahawia.

"Kumbe mbwa wa polisi!" Fundi akasema.

"Naam. Ila mbwa wangu akipata joto, pua inakufa."

Foleni haikusogea, barafu ikaisha. Fundi akakimbia kwenye duka la vinywaji ambako alikuwa ametengeneza friji asubuhi, akarudi na barafu kwenye mfuko. Kufika jioni alikuwa na namba ya simu ya binti. Yeye akamwita Darubini, binti akamwita Fundi wangu.

Haya nimeyasikia kwa wote wawili, kila mtu kwa wakati wake. Nayaandika kwa ajili ya mabinti wenye kazi za mikono midogo na makosa makubwa, na kwa mama zao pia.

Fundi alikuwa anapiga simu saa kumi na moja jioni, akitoka kazini. Saa hiyohiyo binti anarudisha chupa ya kingamwili mahali pake. Friji ya maabara ina milango miwili: juu friza, chini baridi ya kawaida. Chupa mpya hukaa juu. Ikishafunguliwa, inateremka rafu ya chini na hairudi juu kamwe, maana ikiganda na kuyeyuka mara kwa mara inakosa nguvu.

"Darubini wangu, umekula?"

"Sijala, nakusubiri unilishe."

"Mdomo huo! Umevaa nini leo?"

"Koti jeupe, kama jana. Ulitaka nivae gauni la harusi maabara?"

Simu imebanwa kati ya sikio na bega, mkono unafungua mlango wa juu. Asubuhi anakuta chupa ni jiwe. Mara ya kwanza alishtuka, akaiyeyusha, akanyamaza, kwa sababu chupa nyingine ingechukua wiki kadhaa kufika. Mara ya nne hakushtuka tena.

Kila siku wanaweka pia kioo cha ushahidi, chenye kinyama kinachojulikana kuwa na protini ile. Kisipogeuka kahawia, majibu yote ya siku hiyo hayafai. Kioo kile kilikuwa kinapauka kidogo kidogo. Binti akawa anaandika "kimeonekana". Kweli, kilionekana. Ukikaza macho.

Miezi miwili ikapita hivyo. Jumapili moja Fundi akampeleka kwao. Wazazi hawapo, dada yake mkubwa ndiye aliyemlea. Binti akavaa gauni la zambarau na hereni zangu. Dada akainuka kumpokea, mkono mmoja umeshika tumbo.

"Karibu, wifi yangu. Huyu bwana ametuchosha kwa sifa zako. Kumbe alikuwa anapunguza!"

Wakacheka. Lakini dada alikaa chini kwa shida, na chai yake ikapoa bila kuguswa.

"Unaumwa, dada?"

"Uvimbe tu. Hospitali walitaka kunipasua, kipimo kikatoka safi, wakasema turudi baada ya miezi sita. Nilimkataza huyu asikwambie. Sikutaka wifi yangu anijue kwa ugonjwa kabla ya kunijua kwa sura."

Karatasi ilikuwa juu ya kabati la vyombo. Binti akaisoma akiwa amesimama. Kipimo kilekile cha protini. Jibu: haipo. Tarehe, wiki sita nyuma. Chini, sahihi yake mwenyewe.

"Darubini, mbona umebadilika hivyo?" Fundi akauliza.

"Joto tu," akasema.

Alifika nyumbani akaniambia yote, viatu bado miguuni. Nami mama yake, niliyemlea asiibe hata sindano, nikamwambia nini? Nikamwambia: "Nyamaza, mwanangu. Kazi kama hiyo utaipata wapi tena? Na yule kijana atakuacha. Labda kweli ni uvimbe tu."

Akanitazama. "Mama, dada yake amenipa kiti chake, yeye akakaa kwenye kigoda. Na tumbo lile."

Hakula. Asubuhi alitoa vioo vyote vya ushahidi vya miezi miwili, akavipanga mezani kwa tarehe, akamwita mkuu wake. Hakujitetea. Vilikuwa vinajisema vyenyewe, kutoka kahawia ya kahawa hadi chai ya majani yaliyorudiwa. Wakaazima chupa nzima kutoka maabara nyingine, wakarudia vipimo kumi na tisa. Viwili vikageuka kahawia. Kimoja kilikuwa cha dada.

Hakusubiri karatasi imtangulie. Akamfuata Fundi karakanani, katikati ya mafriji yaliyofunguliwa migongo.

"Jibu la dada lilikuwa na makosa. Mimi ndiye niliyekosea. Mpeleke hospitali leo, wanamsubiri."

Fundi akaweka spana chini polepole. "Ulikosea vipi?"

"Nilikuwa naweka chupa kwenye friza. Nikiongea na wewe."

"Kwa hiyo ni mimi?"

"Sikusema hivyo. Mkono ni wangu."

"Wiki sita, Darubini! Wiki sita anakunywa dawa za maumivu, mimi namwambia ajikaze, karatasi imesema hana kitu!" Akamgeuzia mgongo. "Ondoka. Tafadhali, ondoka."

Dada alipasuliwa. Uvimbe ulikuwa umeshaanza kutambaa, akawekewa dawa kali, nywele zikaisha. Binti akaondolewa kwenye vipimo, akawekwa kuosha vyombo miezi mitatu. Saa kumi na moja ikifika anaitazama simu. Haiiti. Alikonda mpaka sketi ile nikaipunguza kiuno mara mbili.

Mwezi wa nne dada mwenyewe akapiga, nikapokea mimi.

"Mama, mwanao yuko wapi? Mwambie mimi bado nina wifi. Daktari amenieleza: ningesubiri ile miezi sita, tungekuwa tunaongea habari nyingine. Huyu mdogo wangu namwambia kila siku, wangapi wangekaa kimya? Ananinunia tu. Lakini picha yake hajaifuta, nimeangalia."

Mimi nilikuwa mmoja wa hao wangapi.

Wiki ambayo binti alirudishiwa chupa, friji ya maabara ilikuwa inavuja. Wakaita fundi. Akaja aliyekuja. Ovaroli ileile, bisibisi mbili. Akafanya kazi bila salamu. Alipomaliza mlango wa chini, akafunga kufuli kwenye ule wa juu, akamkabidhi mkuu wa maabara ufunguo, hakumpa binti.

Ikagonga saa kumi na moja. Binti akashika chupa. Fundi akasimama kando, mikono nyuma, midomo imefungwa kama yuko msibani. Binti akafungua, akaweka, akasoma joto, akaandika, akafunga.

"Umeshaiweka?"

"Rafu ya chini."

"Angalia tena."

Akafungua, akaangalia. "Ipo."

"Basi sasa naweza kuongea," Fundi akasema. "Dada anauliza tuje kwa mama yako lini."