Jina Alilopewa Mgeni

Maximilla alitoka tu kuazima sufuria.

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu, jua linazama nyuma ya paa za mtaa wa Amalemba, na jikoni kwake jogoo alikuwa ameshanyonyolewa. Kesho asubuhi mgeni wake angeondoka. Ukikaa na mtu wiki sita huwezi kumuaga kwa mboga za majani, na ingokho, kuku wa kuagana, hapikwi kwenye kisufuria cha chai. Sufuria kubwa ilikuwa kwa wifi yake Dinah, nyumba ya nne baada ya kanisa.

Mgeni mwenyewe aliitwa Marta, msanii kutoka Ureno, anayetengeneza karatasi kwa makapi ya miwa kisha anazitundika ukutani watu wazitazame. Usicheke. Mji ulikuwa umeamua kujulikana kwa jambo jingine zaidi ya sukari na mafahali wa kupigana, ikaundwa kamati ya kuwaalika wasanii wa ng'ambo, kila mmoja akae na familia ya hapa, afundishe na afundishwe. Mwaka uliopita alikuja Mjapani akapamba kuta za soko. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Dinah, na ni Dinah aliyempeleka Marta kwa Maximilla, mjane aliyebaki peke yake tangu binti yake wa pekee, Khalayi, afariki miaka mitatu iliyopita.

Siku ya mapokezi, mbele ya kamati na kwaya, Dinah alifanya lile tunalomfanyia kila mgeni: akampa jina la kwetu. Kwa kawaida ni jambo la kuchangamshana tu. Mgeni anaitwa jina la mvua au la mavuno, watu wanapiga makofi, wanaenda kula. Lakini Dinah alimshika Marta kichwani, akamnyunyizia maji, akasema, "Kuanzia leo wewe ni Khalayi."

Watu wazima walitazamana. Jina la marehemu hupewa mtoto mchanga wa ukoo, na anayelitoa ni senge, shangazi wa upande wa baba. Marehemu akiridhika, mtoto huacha kulia. Jina la msichana aliyekufa kabla ya kuzaa, tena wa juzi tu, halipachikwi mtu mzima anayepita njia. Maximilla aliyajua hayo yote. Hata hivyo alilia kwa furaha. Alidhani wifi yake amemfuta machozi.

Wiki ya pili, Marta akaanza kunyunyiza chumvi juu ya obusuma, ugali wetu, kama Khalayi. Wiki ya nne kifua kikaanza kumbana, kama pumu ya Khalayi. Mwanamke wa afya, mpanda milima, sasa akivuta pumzi unasikia mluzi. Tena akawa na tabia moja mpya. Kila alipotaka kutoka chumbani, aligonga kwanza.

Aligonga kutoka ndani.

Ko. Ko. Ko. Halafu anangoja, hata kama mlango uko wazi, mpaka Maximilla aje kumfungulia. Wewe ungeita mchungaji. Maximilla hakuita mtu. Aliusukuma mlango, akatabasamu, akasema, "Toka, mwanangu." Alikuwa na furaha ambayo hakuijua kwa miaka mitatu, na aliona haya kuihoji.

Basi jioni hiyo akafika kwa Dinah. Redio ilikuwa inasikika tangu getini. Dinah alikuwa amenawiri, mashavu yamejaa, yeye ambaye tangu msiba alikuwa amekonda na macho mekundu.

"Karibu, mulamwa, wifi yangu. Sufuria iko kwa stoo. Ingia tu uchukue."

Maximilla alishangaa. Khalayi alikuwa akiishi humu alipokuwa akisomea ushonaji, na tangu afariki, kabati zito lilikuwa limesimamishwa mbele ya mlango wa stoo. Leo kabati halikuwepo. Aliingia, akainama kuchukua sufuria, na pua yake ikapata harufu ya dawa ya kupaka kifua, ile ya Khalayi.

Kisha akauona mlango kwa upande wa ndani.

Mbao zilikuwa zimekunwa. Mistari minne minne, ya kucha. Ilianzia usawa wa uso, ikashuka usawa wa tumbo, ikashuka magotini. Ya mwisho ilikuwa karibu kabisa na sakafu.

Khalayi alifia kitandani, usingizini. Ndivyo Maximilla alivyoambiwa.

Alitoka bila sufuria. "Mulamwa... nani alikuna ule mlango?"

Dinah akapunguza redio. Hakujifanya haelewi.

"Alikuwa amechelewa kurudi," akanong'ona. "Nikamfungia hapo saa moja jioni, ashike adabu kidogo tu. Akagonga. Nikasema ni ujeuri. Nikaongeza redio... Taarifa ya habari ilipoisha alikuwa amenyamaza. Nikamlaza kitandani kabla sijakupigia."

"Na pumu yake ulijua."

"Nilijua."

Maximilla akageuka, akautazama tena ule mlango.

"Miaka tatu, mulamwa. Kila saa moja jioni alikuwa anagonganga. Silali, sili. Mtu akaniambia nipatie jina lake mtu hana kwao hapa, alibebe avuke nalo bahari. Tangu siku ile nalalanga. Kesho wanaenda. Waache tu waende."

Huyu ndiye aliyesaidiana naye kumuosha marehemu. Huyu ndiye aliyemshika kiuno pale kaburini asianguke. Maximilla aliona moyo wake umekuwa wa baridi kabisa. Kwaya, makofi, hotuba za utamaduni, mgeni kulazwa nyumbani kwake, yote yalikuwa njia ya kumtoa mwanawe nchini kama mzigo. Na yeye alikuwa amepika chai siku ya mapokezi, akashukuru.

"Utakuja sasa hivi umvue lile jina," alisema. "Ni wewe ulimpatia. Akifungiwa kwa ndege nalo, atakufa vile mwanangu alikufa. Na Khalayi atabaki huko kwa watu hawajui."

"Siwezi. Likimtoka litarudi hapa."

"Dinah."

"Mulamwa, siwezi!"

Ko. Ko. Ko.

Wote wawili waligeuka. Mlango wa stoo, ambao Maximilla aliuacha wazi, ulikuwa umefungwa. Komeo la nje lilikuwa mahali pake.

Nyuma ya mlango, mluzi. Mtu anavuta pumzi kwa taabu... anavuta... haipati.

Mkono wa Dinah ukaruka kwenye redio, ukaongeza sauti. Hakufikiria. Ulikwenda wenyewe, kwa mazoea.

Maximilla akachomoa waya ukutani.

"Leo utasikiliza," alisema. "Halafu utafungua."

Ko. Ko. Safari hii chini zaidi, usawa wa magoti. Dinah alienda akilia, akitambaa hatua za mwisho, akavuta komeo. "Nimelichukua jina," alisema kwa mlango. "Senge amelichukua. Toka."

Aliyeanguka nje alikuwa Marta. Miguu mitupu, matope hadi vifundoni. Maximilla alikuwa amemwacha nyumbani akikunja karatasi zake. Stoo ina mlango mmoja, na dirisha la ukubwa wa sahani. Marta alivuta pumzi ndefu, safi, haina mluzi hata kidogo, akawatazama kama mtu aliyeamshwa.

"Hapa... wapi?" aliuliza kwa Kiswahili chake cha kubabaisha.

Maximilla alikuwa anatazama giza nyuma ya Marta, akinyoosha mkono.

"Khalayi. Mama amekuja. Twende nyumbani."

Harufu ya dawa ya kifua ikasogea karibu, ikafika usoni pake. Halafu sauti, ndogo, imechoka.

"Nilikupigia jioni ile, Mama."

Mkono wa Maximilla ukashuka.

Hilo hakuna aliyelijua, hata Dinah. Jioni ile, kabla ya saa moja, simu iliita. Khalayi alisema, "Senge ananitesa, nikubalie nirudi nyumbani." Na Maximilla alisema, "Vumilia. Huyo ni senge yako," akakata simu kwa sababu maziwa yalikuwa yanafurika jikoni.

Mlango ukajifunga polepole, mbele ya macho yao, hadi ukagota.

Marta alisafiri asubuhi akiwa mzima. Dinah alihamia kwa kaka yake Hezekiah, huko Lugari, na wanasema analala vizuri. Naamini. Watu wa namna yake hawakosi usingizi kwa muda mrefu. Kamati imepata mwenyekiti mpya, na inatafuta mwenyeji wa msanii wa mwaka huu.

Nyumba ya Dinah ameichukua Maximilla. Alimwita fundi Wanyama akang'oa komeo, kitasa, hata misumari, mlango ukabaki ubao mtupu kwenye bawaba. Kila saa moja jioni anausukuma, akimwita mwanawe. Mwanzo husogea kidogo, kiasi cha kupitisha vidole. Kisha kuna mtu upande wa pili anayeusukuma pia, bila hasira, mpaka ufunge.