Gari Lililokataa Kilima cha Nyanchera

Jioni ilikuwa inaingia, na Zakaria Ombati alikuwa ameinama mbele ya gari lake, kichwa kimezama ndani ya boneti, makalio yakiitazama nyumba. Mkewe, Bochaberi, alisimama barazani ameshika kiuno. Uchungu ulikuwa umemwanza tangu ng'ombe wakamuliwe. Mimba mbili zilikwisha kumtoka, na kuhusu hii ya tatu daktari wa misheni alimwambia bila kuficha: usijaribu kuzalia nyumbani, mtakufa wewe na mtoto. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya kilima, upande wa kwenda Kisii. Na mume alikuwa anasugua plagi kwa pindo la shati.

"Tayari?" Bochaberi aliuliza.

"Ngoja. Mambo ya injini hayataki haraka," Zakaria alijibu kwa sauti ya mjuzi. Hakujua lolote. Alikuwa karani wa ushirika wa chai, na ujuzi wake wote wa magari ulikuwa kupiga honi mbele ya kanisa.

Aliyejidai kujua zaidi ni Machogu, fundi wa Daraja Mbili, aliyesimama kando yake na spana mkononi. Tangu masika yaishe alikuwa akihangaika na ugonjwa mmoja: gari halivuti. Tambarare lilikwenda vizuri. Likigusa kilima, ukikanyaga mafuta linanguruma tu, halisogei. Machogu alibadilisha plagi. Akasafisha pointi, akafungua kabureta, akalaumu chujio la petroli, kisha klachi. Kila mara aliapa kwamba sasa ameupata. Bochaberi hakuwahi kuona mtu anayekosea kwa uhakika mkubwa namna ile.

Zakaria naye alikuwa na jibu lake la pembeni. Shemasi huyu, aliyewakaripia wazee kila Sabato kwa sababu ya ushirikina, alimnong'oneza mkewe kwamba jirani ameliroga gari kwa dawa iliyofukiwa barabarani. Alichukua hata jembe akaenda kuchimba pale kilimani, akijifanya anazibua mfereji. Akarudi na matope na kopo la kutu.

Bochaberi alimdharau. Tuseme wazi, hakuna haja ya kupamba. Alimdharau tangu siku ile ya masika, aliposimama chini ya kilima hichohicho amemshikilia mama yake, Nyanchera, ambaye kifua kilikuwa kimembana hata hawezi kusema. Zakaria alifika na gari jipya. Alimtazama yule mama, blanketi lake la harufu ya moshi na ugoro linachuruzika maji, akavitazama viti vyake. Ghafla mila zikamjia.

"Mimi na mama mkwe hatuwezi kuketi gari moja," alisema. "Ni chinsoni."

Chinsoni! Ile heshima ya Wagusii ya kumtenga mtu na mama mkwe wake, ambayo yeye mwenyewe aliita uchafu wa gizani. Mila zote alizitupa, akabakiza moja, ya kulinda viti. Akaenda zake mjini, kiti cha nyuma kitupu. Watu walimbeba mama kwa machela, na akakata roho katikati ya kilima.

Machogu alifunga boneti. "Panda, mama. Leo litapaa."

Zakaria alishika usukani, fundi akaketi kando yake. Bochaberi alikuwa peke yake nyuma. Walipofika chini ya kilima ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba. Gari likaanza kupanda... likapunguza mwendo... likanguruma.

"Tia gia ya kwanza!" alisema Machogu.

"Nimetia!"

Bochaberi alisikia harufu. Moshi wa jikoni. Ugoro.

Kisha kiti kikabonyea kando yake.

Polepole, kama anavyoketi mtu mzima anayeumwa na magoti. Springi zikalia. Maji yakadondoka mahali, tone... tone... ingawa mvua haikunyesha siku hiyo. Hakugeuka. Shingo ilikataa. Mkono wa baridi ukatua juu ya tumbo lake, ukatulia hapo, na uchungu wote ukakatika mara moja. Mtoto akaacha kucheza.

Hilo ndilo lililomtia hofu kuliko mkono wenyewe.

Gari lilisimama. Machogu aliruka nje na tochi, akafungua boneti, akagonga hiki na kile. Kisha akazunguka nyuma. Akakawia. Aliporudi dirishani alinong'ona.

"Mama, huko nyuma umebeba nini?"

"Nguo za mtoto."

"Gari limelala upande mmoja." Alimulika tena kwa tochi. "Upande ule usio na mtu."

Kwa mara ya kwanza tangu waanze kumjua, fundi hakuwa na hakika ya kitu. Zakaria aliendelea kukanyaga mafuta, injini ikipiga kelele, magurudumu yameganda.

"Ni yule jirani," alisema. "Mnaona sasa? Ni yule jirani!"

Uchungu ukarudi kwa kishindo. Chupa ya uzazi ilimpasuka Bochaberi, akauma leso asipige yowe. Mtoto alikuwa anashuka, na hospitali bado iko ng'ambo. Mkono ule ulikuwa palepale tumboni, unangoja. Ndipo akaelewa kinachongojwa.

"Zakaria. Shuka."

"Nini?"

"Wewe ndiye uliyesema. Mtu na mama mkwe wake hawaketi gari moja." Sauti yake haikutetemeka. "Mama ameshaketi. Shuka wewe."

Zakaria aliinua macho kwenye kioo cha kuangalia nyuma. Alichokiona hakukisimulia kamwe. Alitoa sauti nyembamba ya mbwa aliyekanyagwa, akafungua mlango, akaanguka matopeni. Machogu alirukia usukani. Mguu haujagusa mafuta vizuri, gari likachomoka, likakimeza kilima chote. Nyuma, ukunguni, Zakaria aliita mara moja tu.

Mtoto alizaliwa mzima. Msichana. Machogu akawaambia wauguzi kwamba breki ya nyuma ilikuwa imeng'ang'ania, ikapoa waliposimama, ikaachia. Aliapa. Huenda ni kweli.

Zakaria alifika kulipokucha, matope hadi kiunoni, akidai alibaki kuwaelekeza wenye magari wengine. Hakuna aliyemuuliza ni magari gani. Muuguzi alimpa mtoto ampakate.

Mikono ikaporomoka. Magoti yakakunjika.

"Mzito..." alinong'ona.

Muuguzi alimdaka mtoto kwa mkono mmoja, akacheka. "Baba huyu hajala tangu jana!"

Bochaberi naye alicheka. Alicheka kwa raha, bila huruma, hadi mumewe alipotoka nje kwa aibu. Kisha akampokea binti yake, ambaye kwa desturi angerithi jina la bibi yake, Nyanchera, na kwake alikuwa mwepesi kabisa. Mtoto alilaza kichwa kifuani, akashusha pumzi ndefu, nzito, pumzi ya mtu mzima aliyekuwa anapanda kilima na hatimaye amefika.

Kicheko kilimkauka Bochaberi. Alimpenda mama yake, alimlilia kila siku. Lakini miaka yote alimwomba Mungu mtoto, na sasa, akiwa amempakata, hakujua kama amempata.